Mtani Haombwi Radhi

Mimi ni fundi cherehani, Nyasubi, Kahama. Shule niliishia darasa la saba, kwetu Kishapu, na mpaka leo nikiandika kitu kirefu nakisoma mara mbili kuona kama kinaeleweka, na bado nabaki na mashaka. Watu wakiniuliza mtu kama mimi alifikaje kubishana mambo ya nchi na watu asiowajua, nawajibu kwamba ni kwa sababu ya kushona. Kushona kunashika mikono na miguu, kichwa kinabaki bure. Basi simu nikawa naiegemeza kwenye boksi la nyuzi, nikikanyaga cherehani huku nasoma.

Mteja mmoja ndiye aliyeniunga kwenye kundi la mijadala. Lilikuwa na watu wa mikoa yote, wengine wako nje ya nchi kabisa. Admini alikuwa akiweka mada, watu wanaingia. Binti arithi shamba au asirithi. Wafugaji wapunguze ng'ombe au wakulima wahame. Wachimbaji wadogo waachiwe maeneo au wafukuzwe. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu. Nilidhani kila anayeandika humo amesoma sana, maana walikuwa wakianza na "kwa mtazamo wangu." Baadaye nikagundua mtazamo hata mimi ninao.

Niseme kweli, nililipenda lile kundi. Hapa mtaani ukibishana na jirani mambo ya siasa, kesho mnakutana bombani na ndoo zenu, mmenuniana. Kule unabishana na picha. Mimi picha yangu ilikuwa cherehani, wakaniita Mama Cherehani. Aliyekuwa akinipinga kuliko wote aliweka picha ya mkorosho, tukamwita Bwana Mkorosho. Nikisema maji, yeye anasema moto. Lakini hakuwahi kunivunjia heshima, hilo lazima niliandike. Nikikosea kitu alinirekebisha taratibu, na mara moja nilipomrekebisha mimi, alisema mbele ya watu wote, "Hapo Mama Cherehani umenipata."

Ikaja mada ya viboko shuleni, viendelee au viondolewe. Nikaingia kwa nguvu upande wa viboko. Nilieleza kwamba sisi kule Kishapu msimu wa pamba tulianzia shambani alfajiri, tukichelewa shule tunachapwa, na ndivyo tulivyonyooka. Nilisema mtoto asiyeguswa na fimbo anakuja kuguswa na dunia. Watu wengi wakaniunga mkono, nikafurahi, pengine nikavimba kidogo.

Bwana Mkorosho akaja na habari ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa akiamka anaumwa tumbo kila siku ya hesabu. Wakampeleka zahanati, wakampeleka kwa mganga, tumbo halionekani kuwa na ugonjwa. Kumbe ni mwalimu wa hesabu. Siku walipomhamisha shule, tumbo likapona. Kisha akaniuliza swali: "Mama Cherehani, hebu niambie. Kusoma ulifundishwa na fimbo, au kuna mwalimu alikaa na wewe akakuonyesha herufi?"

Nilisimamisha cherehani. Nikamkumbuka mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akinishika mkono akiuongoza ubaoni. Yule hakuwahi kunichapa. Sikutaka kumtaja, maana ningemtaja ningekuwa nimeshindwa. Nikawa nimekaa na swali lile, watu wananiita, "Mama Cherehani jibu, au nyuzi zimeisha?" Bwana Mkorosho naye akaongeza, "Msimharakishe. Sisi Wazaramo tumeumbiwa subira."

Nikaona mlango wa kutokea. Nimebishana naye siku zote hizo sijui kabila lake, kumbe ni Mzaramo, mtani wangu kabisa. Asiyejua utani wetu ajue tu kwamba Msukuma na Mzaramo wakikutana wanatukanana kwa upendo, na msibani ndiyo usiseme. Nimeona kwa macho yangu mtani akiingia kaburini na kulala humo, hataki kutoka mpaka wafiwa wampe kitu, na watu waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Basi nikaandika haraka kabla akili haijanirudia:

"Kumbe Mzaramo. Ningejua nisingepoteza bando langu. Wewe ubishi utakuua, na utakufa karibuni. Mimi ndiye nitakayekuzika. Nitalala kwenye shimo lako sitoki mpaka wanao waniletee jogoo."

Nikatuma, nikacheka peke yangu, nikaendelea na pindo la gauni.

Nilipochukua simu tena, kundi lilikuwa linawaka. "Huyu mama anatishia kuua?" Mwingine, "Kaburi ameshalichimba, bado maiti tu." Wawili watatu walieleza kwamba huo ni utani wa makabila, wakajibiwa kwamba hayo ni ya zamani, sheria ya mtandao haijui Mzaramo wala Msukuma. Kijana mmoja akasema ameshapiga skrinshoti na kuipeleka panapohusika. Na Bwana Mkorosho, ambaye huwa hakosi neno, kimya.

Jioni admini akaniandikia pembeni. "Shikamoo mama. Naomba unielewe, nimekutoa kundini kwa usalama wa wote. Yule mzee hajajibu, sijui amelichukuliaje. Akilifikisha polisi mimi nitaulizwa kwanza." Simlaumu. Nimejiweka nafasi yake mara nyingi: kundi la watu asiowajua, na mmoja kamwambia mwenzake atakufa karibuni. Hata yule kijana wa skrinshoti simlaumu sana. Aliona maneno, hakuniona mimi nikicheka.

Lakini hofu iliniingia. Mume wangu anafanya kazi karashani, kule yanakosagwa mawe ya dhahabu, anarudi amejaa vumbi na masikio hayasikii vizuri. Nikamsimulia nikipakua ugali. Akauliza, "Ulimwambia nani utamzika?"

"Mtu wa kwenye simu."

"Anaitwaje?"

"Simjui jina. Ana picha ya mkorosho."

Akatafuna kwanza. "Mke wangu, ukifungwa nitasema nini kwa ndugu zako? Kwamba aligombana na mti?"

Akacheka, nami nikajaribu kucheka. Lakini yeye hakuwa amesoma yale maneno. Mimi nilikuwa nimeyasoma tena na tena, na kila nikiyasoma yanazidi kuwa makali. Kinywani yalikuwa matamu. Kwenye kioo cha simu yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kuua mtu.

Ungesema, si umwombe radhi yaishe. Namba yake nilikuwa nayo, ilionekana kundini. Niliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba lile lilikuwa tusi la kweli na ulikusudia, na utani umeuvunja wewe mwenyewe. Tena kama kesi ipo, ile radhi si ndiyo ushahidi? Lakini pia nilijiuliza, na kama yeye si mtu wa utani? Kuna Wazaramo waliozaliwa mjini wasioujua. Kuna mtu anaumwa kweli, ameambiwa na daktari hana muda, halafu anafungua simu anakuta mwanamke wa Kahama anadai jogoo juu ya kaburi lake. Hilo la mwisho liliniuma kuliko polisi. Nikaishia kumwandikia, "Habari za siku, mtani." Ikaweka tiki moja. Kesho yake tiki moja. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Siku zile nilishona vibaya. Ovaroli ya mchimbaji mmoja niliishonea mfuko chini-juu, akaniuliza dhahabu ataiweka wapi.

Sasa asubuhi moja nimeinamia kazi, nikasikia, "Shikamoo mama. Wewe ndiye yule fundi?" Nikainua macho. Askari, kijana, amevaa magwanda.

"Marahaba," nikasema. Nikaweka mkasi chini, nikazima simu, sijui kwa nini niliizima. "Ndiye mimi. Naomba nifunge mashine kwanza nimwambie jirani aniangalizie."

"Unakwenda wapi mama? Mimi nimeleta suruali." Akatoa suruali ya kazi kwenye mfuko. "Zipu imekufa. Na kiuno unipunguzie, nimekonda tangu nihamishiwe huku."

Nikakaa. Nikampima kiuno mara tatu, kila mara napata namba nyingine. "Mama unaumwa?" Basi nikamweleza. Nilianza kwa kusema ni habari ya shoga yangu mmoja, lakini nilipofika kwenye jogoo nikajisahau nikasema "nikamwambia," akatabasamu.

"Mama, mimi Mhehe, mke wangu Mgogo," akasema. "Mama mkwe nikifika kwake anahesabu mbwa kwanza, maana Wahehe tunataniwa kula mbwa, nikiondoka anahesabu tena. Ningekuwa nashtaki, ukweni wote wangekuwa ndani."

"Kwa hiyo hakuna kesi?"

Nampa heshima yake, hakunidanganya. "Hiyo sikuahidi. Mtu akija kituoni akasema ametishiwa na usiku hapati usingizi, namsikiliza. Siwezi kumwambia nenda, huo ni utani. Inategemea yeye amelipokeaje."

Akaondoka, nami nikabadilisha zipu yake kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa bwana harusi. Kumbe jambo zima lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyezima simu.

Alijibu siku ya soko, nikiwa na wateja wawili dukani. Simu ikatoa mlio, nikaona mkorosho, na chini yake ujumbe wa sauti, mrefu. Nikawaambia wateja wanisubiri, nikatoka nikasimama nyuma ya kibanda, karibu na wauza mkaa, nikaiweka simu sikioni.

Sikuwahi kusikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya mzee, na inakwama kwama. Alisema, "Mtani wangu, salamu zako nimezipata leo. Simu ilikuwa imezimika, kijijini kwetu hapa umeme wa shida. Kaka yangu mkubwa amefariki. Aliyenilea. Siku ile tunabishana ndiyo nilipopigiwa. Nikiwa njiani kuja huku nikafungua simu, nikakuta wewe unataka kuniingilia kaburini."

Nikawageuzia mgongo wauza mkaa.

Akaendelea. Alisema msiba ule ulikuwa mzito. Watu wamekaa mkekani hawali, wanawe marehemu wamenuniana juu ya mahali alipozikwa, na mtani hakuwepo hata mmoja, wale wa zamani wamekufa au wamehama. "Usiku wa matanga nikakumbuka ule ujumbe wako. Nikawaambia, jamani, kuna Msukuma mmoja amenitumia salamu, nikawatajia kwa kichwa, neno kwa neno. Shangazi yetu, ambaye hakuwa amesema neno tangu maziko, ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akashikwa asianguke. Akasema huyo aambiwe kaburi letu si zizi la ng'ombe la kulala ovyo. Basi watu wakaanza kula."

Nilisikiliza tena tangu mwanzo, nikilia na kucheka pamoja, hata muuza mkaa akaniuliza, "Mama, ni habari njema au mbaya?" Nikamwambia zote mbili. Kisha nikamrekodia yule mzee pole yangu, pole ya kweli isiyo na utani, nikimwombea marehemu apumzike. Nilitaka kumweleza jinsi nilivyoogopa, nikaona siyo wakati wake. Hata sasa sina hakika kama nilifanya sawa siku ile. Ningejua ana msiba nisingethubutu kuandika, na kama nisingeandika, yule shangazi angeendelea kukaa kimya. Sijui nilipime vipi hilo, akili yangu inaishia hapo.

Admini alinirudisha kundini jioni, kwa amri ya mzee mwenyewe, na akaniomba msamaha mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa lazima. Kijana wa skrinshoti naye akasema amejifunza, ingawa kuipeleka alikuwa hajaipeleka popote, alisema tu kunitisha. Nikawaandikia neno moja tu, "Wabeja," asante ya kwetu.

Hapo hapo Bwana Mkorosho akaandika: "Haya, mwacheni apumue. Msukuma akiandika neno moja amelima heka nzima."

Wote wakasubiri nitajibu nini. Nikawaacha wasubiri. Niliusoma ujumbe wake mbele ya wateja wangu kwa sauti, tukacheka, nikavuta kiti, nikaanza kukata kitambaa.