Nirudishie Pole Yangu

Jumapili mchana, mkahawani mtaa wa Newtown, ughaibuni, nesi mmoja Mkenya alikuwa akitazama raga kwenye televisheni. Timu yake iliongoza kwa pointi mbili, na ushindi ungeipeleka fainali.

Mchezaji wa wapinzani akaguswa bega, akaanguka ameshika kichwa.

"Woi, pole!" nesi akasema. Sisi mtu akianguka, ulimi haungoji ushahidi.

Refa akatoa penalti. Majeruhi akaruka wima, akaomba mpira.

"Wewe! Nirudishie pole yangu!"

"Pole haina risiti, dada," akacheka Mtanzania wa meza ya pili, shabiki wa wapinzani.

Baadaye mchezaji wa timu ya nesi akakabwa shingo, akalala kimya. Refa akaashiria mchezo uendelee.

"Refa, uko siriasi? Huyo ameumia kweli!"

Wapinzani wakafunga trai, wakashinda. Wanaojilaza kwa uongo humaliza huruma yote ya refa, na anayeumia kweli hapati kitu.

"Pole sana, dada," akasema Mtanzania, mkono kifuani.

Nesi akamkagua kama mgonjwa wa wodini. "Hiyo ni pole ya kweli?"

Meno yote ya Mtanzania yalikuwa nje. Hata refa yule angeona.