Gari la Kumleta Mama

Gari lile liliingia kwenye lupango letu, uani kwetu, likivutwa kwa kamba, na majirani wakalipokea kwa kicheko. Majani yalikuwa yameota ndani yake mpaka yakatokeza dirishani. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha dereva. Mume wangu akapigapiga bati lake kwa kiganja, uso unang'aa kama amepewa cheo, akaniambia, "Mama, mbele ya mvua kuanza, hii jeep itatufikisha kwenu."

"Tata," nikamjibu, "anza kwanza kuifikisha kwenye mlango."

Nilikuwa na mdomo, nakubali. Lakini moyoni nilitamani sana kumwamini. Kwetu ni mbali kupita Mutshatsha, na ukishuka kwenye treni unatembea mchanga mtupu karibu siku nzima. Mama yangu alikuwa amebaki kule peke yake baada ya kufiwa na baba, na nyonga yake ilikuwa imeharibika, hata kisimani alikuwa anatekewa na watoto wa watu. Mvua ikishaanza, njia ile inafungwa kwa miezi. Nilikuwa na hofu moja tu, na niliiota hata nikiwa macho: kwamba njia itafungwa, na siku itakapofunguka nitaonyeshwa kaburi.

Mume wangu alikuwa Mkasai aliyezaliwa hapahapa Kolwezi, kwenye kambi ya wachimba migodi. Alikuwa fundi wa umeme, tena mzuri, lakini injini alikuwa anazijua kwa kusikia. Miaka ile ya Zaïre vipuri havikuwepo, na kila uliyemuuliza alikwambia ujitafutie mwenyewe. Basi akajitafutia. Alikata gasketi kwenye makatoni, akaziba tangi la mafuta kwa sabuni ya kufulia. Siku moja nilitoka sokoni nikakuta sufuria yangu ya kusongea bukari, ugali wetu, iko kwenye mbabula ya makaa, inachemka, ndani yake mna vyuma vyeusi.

"Tata, hii ni nini?"

"Nasafisha kabureta."

"Na magaribi tutakula kabureta?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, sufuria ile ilikuwa ya arusi yangu. Leo yeye hayupo, na ningekubali achemshe sufuria zote za nyumba hii mradi nisikie tena nyundo yake huko nje.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wote kwenye salongo, kazi ile ya lazima ya kufagia njia na kukata majani. Akirudi alitupa jembe na kuingia chini ya gari na nguo zilezile. Mimi nilikaa juu, kwenye kiti kisicho na sponji, miguu kwenye pedali, kwa sababu breki zilitaka mtu wa kukanyaga na mtu wa kulala chini. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nikikosea alinifokea, nami nikamfokea, na bukari ikaungua. Majirani walipokuja kusukuma ili injini iwake, ni mimi niliyeshika usukani, maana yeye alitaka kukimbia pembeni asikilize. Hivyo nilizunguka mtaa wetu wote ndani ya gari lililokufa, kitambaa kichwani, watoto wakinipigia makofi.

Siku lilipowaka, moshi ulipaka nguo zangu zote kwenye kamba. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Yeye akapanda, akakaa, na tangu saa ile hakuna aliyegusa usukani ule tena. Hata mimi mkewe! Alikuwa na wivu nalo kuliko alivyowahi kuwa na wivu na mimi.

Wala mume wangu hakumsahau mama, tuliyekuwa tunakwenda kumleta aishi nasi. Alijenga chumba nyuma ya nyumba na kukiwekea mlango unaotazama upande mwingine kabisa. Kwetu sisi mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anajitenga. Ndiyo heshima yenyewe, na buko, yaani ukwe, si mchezo. Alifikiria mpaka choo, ili wasije wakapishana. Kisha kwenye gari akatengeneza kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kwa sponji mpya, nami nikakishonea kitambaa chekundu. "Kiti ya mama," alisema. Tulikisifu wote wawili. Watu wazima wawili wenye akili, na hakuna aliyeona.

Tulifika kijijini na watoto wetu jua likiwa juu, na upande wa magharibi mawingu yameshaanza kurundikana. Mume wangu alienda kusimama nyuma ya ghala la mihogo, ametupa mgongo, kama inavyotakiwa. Mama akatoka na fimbo yake, furushi kichwani. Akakitazama kiti chekundu.

"Nani anaendesha?"

"Mukwe wako, mama."

Akashusha furushi chini.

"Unataka nikae bega kwa bega na mukwe? Mi?"

Nilimwambia basi akae nyuma. Kule nyuma palikuwa juu, benchi za chuma tupu, na nyonga ile haikuweza. Nani angemwinua? Na hata angepanda, angekuwa anatazama kisogo cha mkwe wake mpaka Kolwezi. Nikaomba, nikabembeleza, halafu hasira zikanipanda.

"Mama, utakufa hapa ju ya haya?"

"Bwana yangu amekufa," akasema polepole. "Miguu imekufa. Haya tu njo imebakia. Unataka niiache hapa?"

Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia kama mtoto.

Mume wangu akaniita kutoka nyuma ya ghala, bila kugeuka. Alikuwa amenyoosha mkono, ameshika ufunguo.

"Utaendesha weye."

"Mi sijui, tata!"

"Pedali unazijua kuliko mi. Mi nilikuwaka chini."

Nikavuta ufunguo. Haukutoka. Nikavuta tena, ndipo vidole vyake vikauachia. Kisha akaenda kupanda nyuma na watoto na kuku wa mama, akakaa ukingoni kabisa, anatazama tulikotoka.

Lilinizimikia mara nyingi, sina haja ya kuficha. Kila likizima alinipigia kelele za klachi, uso ukiielekea njia iliyo nyuma yetu: "Ambreyaji! Polepole!" Tulipozama kwenye mchanga alishuka kusukuma, na kusukuma hakumlazimishi mtu kutazama uso wa mtu. Mama alishika dirisha kwa mikono miwili.

Tulipoipita Mutshatsha mvua ikatukamata. Si mvua ya kuchezea. Turubai la nyuma lilikuwa zima upande wetu tu, kwake lilikuwa limechanika. Watoto wakasogea wakajibana nyuma ya viti vyetu. Yeye hakusogea. Kusogea kulimaanisha kukaa mgongoni pa mama mkwe wake.

Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ule mutu kule nyuma analowana?"

"Analowana, mama."

Maji yalipiga kioo, nami nilikuwa nimeinama kwenye usukani, natafuta njia.

"Amevaa koti?"

"Koti amefunika batoto."

Mama akabana fimbo yake katikati ya magoti.

"Umwambie asogee," akasema. "Mi nitafunga macho."

Nikamwita. Nilimsikia anakuja, mzito kwa maji, akakaa ameegemea nyuma ya kiti cha mama, mgongo kwa mgongo. Mama akafumba macho yake kwa nguvu, na akayafumba hivyohivyo mpaka tunaingia Kolwezi.