Busaa ya Mikindani

Baba alipofariki, marafiki zake wawili hawakuacha kuja nyumbani kwetu Mikindani, Mombasa, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mama naye hakuacha kuwapikia busaa, pombe ya kwao bara. Hakuwa akiuza. Wao walileta unga na wimbi kwa zamu, yeye akatoa kuni na kazi ya mikono yake.

Mmoja alikuwa dereva wa kreni bandarini mpaka alipostaafu, mzee mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Mwingine alikuwa karani wa ghala, mfupi, mwenye miwani, asiyekubali neno kabla hajalipinga. Waliketi kwenye benchi chini ya kibanda cha makuti alichojenga baba, chungu katikati yao, kila mmoja na mrija wake mrefu. Walizungumza siasa kidogo na mpira kidogo. Wakati mwingi walibishana juu ya kile kile walichokuwa wakinywa.

"Busaa ni wimbi," dereva alipenda kusema. "Kimea cha wimbi kikiwa kibovu, hakuna cha kuokoa."

"Hata uji una wimbi," karani alimjibu. "Busaa ni moto. Unga uchachuke siku zake, kisha ukaangwe juu ya bati mpaka uwe na rangi ya kahawa. Asiyejua kukaanga anakupa uji uliochacha."

"Na maji je? Maji ya huku yana chumvi."

"Basi mbona unayanywa?"

"Kwa sababu shemeji anajua kuyatuliza," dereva alisema, akimwonyesha mama kwa mrija. Mama alitabasamu na kuangalia pembeni.

Mara nyingi mabishano yalimalizikia pale pale. Dereva alisema busaa ya kweli imebaki nyumba moja tu duniani, nayo ni yetu. Hata kwao wameshaisahau. Alisimulia alivyokwenda kumzika mama yake, akapewa pombe ambayo hata mbwa asingeilamba. Tulicheka. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi sana, na sikuwahi kumuuliza nani alikuwa ameipika.

Mimi wakati huo nilikuwa nikishona mikoba katika karakana moja kule Bombolulu. Mguu wangu wa kushoto ulidhoofika nikiwa mdogo, na natembea kwa fimbo. Mama alinifundisha kila kitu cha jikoni isipokuwa busaa. Kukaanga ule unga ni kazi ya kusimama karibu na moto mkali kwa saa nzima, ukigeuza kwa mwiko mkubwa, na yeye aliogopa nitateleza. Kwa hiyo nilikuwa nikirudi kutoka kazini Jumamosi mchana naikuta imeshaiva, nawakaribisha wageni, naosha mirija. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Halafu mama akateleza yeye. Alikuwa akitoka bafuni, ua likiwa limelowa, akaanguka akavunjika mkono wa kulia. Alifungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Wiki hiyo hiyo dereva alikuja na habari kwamba mdogo wake amefika kutoka kwao kwa ubatizo wa mjukuu, na hajawahi kukanyaga Mombasa maishani mwake. Mdogo wake huyo alikuwa amebeba mfuko wa unga wa mahindi ya shambani mwao na kimea cha wimbi kilichoota, kikakaushwa na kusagwa huko huko.

"Nilitaka aje aonje busaa yako," dereva alimwambia mama. Aliuangalia ule mkono. "Lakini haidhuru. Tutakunywa chai."

"Nitapika mimi," nikasema.

Mama alinigeukia. "Na huo mguu?"

"Nitakaa kwenye kigoda. Bati tutaliweka chini, juu ya mawe matatu."

Alifikiri kidogo, kisha akaniambia nilete kigoda nijaribu, moto ukiwa haujawashwa. Niliketi, nikageuza unga wa kudhania kwa mwiko. Alinizunguka, akanitazama kutoka kila upande, na akasema, kama mtu anayejilaumu, "Kumbe ilikuwa kitu cha kigoda tu."

Dereva alifurahi sana. Kabla hajaondoka alituonya: "Pikeni hicho alicholeta mdogo wangu, peke yake. Msichanganye na kitu cha dukani. Siku moja tu nataka niinywe bila kasoro."

Niliona mama amefungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Akaufunga. Baadaye akaniambia, "Basi pika kama alivyosema."

Nilipika. Nilikanda unga, nikaufunika, nikausubiri uchachuke, na joto letu la pwani halikunichelewesha. Siku ya kukaanga niliomba ruhusa kazini. Mama alikaa kwenye kiti nyuma yangu akiamuru: geuza, vunja hayo madonge, usiuache pembeni unaungua. Moshi ulinitoa machozi na mgongo ukaniuma, lakini unga ulipobadilika rangi na harufu ikajaa ua zima, nilijisikia nimekuwa mkubwa, na miaka yangu ilikuwa thelathini na minne. Nikautia chunguni na maji na kimea. Siku mbili baadaye chungu kilikuwa kikichemka chenyewe bila moto.

Jumamosi wakaja watatu. Mdogo wake dereva alikuwa mtu mpole, amevaa koti katika jua lile. Alinisalimu kwa mikono miwili, akapokea mrija, akavuta. Alifumba macho.

"Hii ndiyo," akasema taratibu. "Binti, nani alikufundisha? Hii ndiyo yenyewe."

Dereva alivuta, akaacha, akavuta tena, kisha akauweka mrija kando. "Mwanangu, umekosea wapi?"

Uso wangu ulipata moto. Nilimwangalia karani, nikitumaini kwamba atapinga kama kawaida yake. Alionja mara mbili. "Imekaangwa sawasawa," akasema. "Lakini kuna kitu hakipo. Ule ulaini wa mwisho. Hii inakwaruza."

"Busaa ikwaruze kidogo, ndiyo busaa," mgeni akasema. "Mama yetu alipika hivi hivi. Mke wangu anapika hivi hivi. Kimea hiki kimetoka mkononi mwake."

"Mkeo," dereva akasema, "ndiye aliyeharibu..."

"Kaka, usirudie."

Ndipo mama akasimama, mkono wake umening'inia kwenye leso aliyoifunga shingoni.

"Mtoto hakukosea," akasema. "Amepika busaa tupu, ya unga na wimbi. Ninayowapikia mimi ina muhogo."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Nami sikuelewa. Nilijua kwamba jirani yetu, mama mmoja mtu wa Kaloleni aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, alimletea mama makopa kila mara aliporudi kutoka shamba, vile vipande vya muhogo mkavu, na siku zote nilidhani ni vya kusongea ugali. Mama akaeleza. Mwaka mmoja unga wa mahindi uliadimika madukani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Wenzake baba walikuwa wanakuja kama kawaida, nao unga hautoshi. Jirani akamwambia atwange makopa achanganye, sehemu moja ya muhogo kwa mbili za mahindi. Mama alichanganya kwa hofu, akangojea kugombezwa.

"Mkanywa," akasema, "na wewe, shemeji, ukapiga goti ukasema leo umenirudisha kwetu. Ningesema nini? Niliogopa. Unga ulipopatikana nikapika ile ya zamani, mkauliza mbona imepungua. Basi nikarudi kwenye muhogo, na sijatoka hapo."

Karani alivua miwani akaifuta. "Miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa nikiwahutubia juu ya moto."

Nadhani alitaka tucheke, na huenda tungecheka, lakini dereva alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. Alichukua kofia yake, akamwambia mama, "Asante, shemeji," akatoka getini bila kumngoja mdogo wake.

Mgeni alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti. Ni yeye aliyetuambia yaliyobaki ya hadithi ile tuliyozoea kuicheka. Kwenye matanga ya mama yao, busaa ilipikwa na mkewe. Dereva alionja, akaimwaga chini mbele ya waombolezaji wote, akasema kwamba mama yao hajaoza na tayari jina lake linachafuliwa na mtu asiyejua kupika. "Mke wangu alifundishwa na mama mwenyewe," mgeni akasema. "Tangu siku ile hapikii tena watu wa nje. Lakini aliposikia nakuja kwa kaka, alilowesha wimbi mwenyewe. Sikumwomba."

Mama alikaa chini kwenye benchi. Jioni ile hakula.

Jumamosi iliyofuata dereva hakuja. Karani alikuja peke yake, akakaa na mrija wake mbele ya chungu kipya nilichopika, ambacho mtu mmoja hawezi kukimaliza, akasema kwa upole kwamba yeye bado hajakubali kuwa ile ya muhogo nayo ni busaa. Jirani alikuwa ameleta mboga, akamsikia.

"Kwani pombe ya mnazi wa Mwakirunge na ya mnazi wa kwetu ladha yake ni moja?" akamuuliza. "Hata siku moja. Na wote ni mnazi. Usio mnazi ni ule waliotia maji na sukari ili kumdanganya mtu."

"Sasa huyu hakutudanganya?" karani akauliza.

Jirani alimwangalia mama. "Hilo muulize yeye," akasema, "mimi nilimpa makopa tu."

Mama hakungoja kuulizwa. Jumatatu alinishika mkono, tukaenda Changamwe kwa dereva. Tulimkuta ndani, redio imezimwa. Mama alianza kuomba radhi tangu mlangoni, hata kabla ya kukaribishwa kiti, na yeye akamkatiza.

"Shemeji, wewe hukunikosea. Ulinilisha vizuri." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Unajua nilivyotoka kwenye yale matanga? Nilionja nikaona si kwetu. Nikasema mama amekufa na nyumba imekufa naye, kila kitu wamekibadilisha, mimi sina tena pa kurudi. Sijalala huko tangu siku hiyo. Kumbe wao walikuwa pale pale. Niliyebadilika ni mimi, kidogo kidogo, kila Jumamosi, bila kujua."

"Kwa sababu yangu," mama akasema.

"Kwa sababu nilikuwa naishi hapa," akasema. "Mtu akiishi mahali anakula cha mahali."

Mdogo wake alikuwa chumba cha pili, amelala. Mama akamwambia dereva, kwa sauti ambayo alikuwa akiitumia kwangu nilipokuwa mtoto, kwamba aliyestahili kusikia maneno hayo hayuko Changamwe. Dereva aliigeuzageuza simu mkononi. Akauliza kama hiyo si kazi ya kufanya ana kwa ana. Mama akasema ana kwa ana itakuja, apige.

Alipiga. Sote tulimsikia shemeji yake, mke wa mdogo wake, akiitikia, maana mzee huyo masikio yake hayasikii vizuri na simu yake ina sauti ya juu. Alisalimia, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza watoto mmoja mmoja. Kisha akasema, "Shemeji, siku ile ya matanga nilikukosea. Busaa yako ilikuwa sawa. Ulimi wangu ndio haukuwa sawa."

Upande wa pili nilisikia kuku tu. Dereva akaanza kueleza habari ya muhogo, akachanganyikiwa, akaanza tena mwanzo. Mwishowe yule mwanamke akasema, "Umechelewa, shemeji." Sauti yake haikuwa ya ukali wala ya kuchangamka. Kisha akauliza, "Huo muhogo, wanautia kiasi gani?"

Dereva alimtazama mama kwa macho ya kuomba msaada. Mama akasogea karibu na simu, na wanawake wale wawili ambao hawajaonana mpaka leo wakazungumza juu ya kutwanga na kuchekecha mpaka salio likaisha.

Mkono wa mama ulipona, ila kidole gumba hakina nguvu tena ya kushika mwiko. Kwa hiyo sasa nakaanga mimi, kwenye kigoda, siku za Alhamisi jioni, na yeye anaamuru. Muhogo nautia waziwazi, jirani mwenyewe akija kutwanga na kubaki kuonja. Mabishano hayajaisha. Karani sasa anashikilia kwamba kitu kikishaongezwa muhogo kinataka jina lingine, na bado hajakosa Jumamosi hata moja.

Desemba dereva alisafiri kwenda kwao, akiwa na mfuko wa makopa kwenye begi. Alirudi Januari, amenenepa kidogo, akatusimulia. Shemeji yake alipika vyungu viwili, kimoja cha kwao na kimoja cha Mikindani. Ukoo mzima ulionja hicho cha pili na kukunja uso. Mzee mmoja alisema kina ladha ya dawa ya kikohozi. Wakahamia wote kwenye chungu cha kwanza.

"Nikabaki na changu," dereva akatuambia, akicheka. "Nikainywa mwenyewe nusu saa nzima. Halafu yeye akaja na mrija wake, akaketi upande wa pili. Hakusema kwamba ni tamu. Alikunywa tu na mimi."