Kikapu cha Papa Mweze

Mwanangu, sogeza kiti hapa karibu. Ninyi mnaotengeneza mashine siku hizi nawapenda, lakini naona mnavyozificha hadi zikamilike, kana kwamba kukosea ni kukaa uchi. Acha nikueleze asubuhi moja ya kijijini kwetu Mumosho ambayo mpaka leo naikumbuka.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, muda mfupi baada ya mashamba ya wageni kupewa wenyeji. Shamba kubwa la kahawa la kwetu lilipata mwenyewe mpya, mtu wa mjini Bukavu, na mashine yake ya kumenya kahawa, ambayo hata wakulima wadogo walikuwa wakiitumia, ikaharibika. Vipuri havikupatikana. Nawe unajua kahawa mbivu haingoji mtu: ukiichuma leo usiimenye, kesho imeanza kuchacha. Basi watu wakawa wanaianika na maganda yake, kisha wanaitwanga kwenye kinu, na wanunuzi wakiiona wanakunja uso.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka shule ya ufundi wa kilimo, msichana peke yangu darasani. Kaka yangu Bahati alikuwa seremala. Nikamwambia, "Bahati, ndani ya ile mashini iko ngoma tu yenye kuzunguka. Tunaweza kutengeneza ya kwetu."

Alicheka, kisha akaenda kutafuta gogo la mkaratusi lililokauka. Alilichonga likawa mviringo mzuri. Mimi nikakata bati la pipa, nikalitoboa kwa msumari hadi likaota meno kama ya kukwaruzia muhogo, tukalivisha lile gogo. Mbele yake tuliweka ubao, ili kahawa ibanwe hapo katikati. Tulizungusha kwa pedali ya baiskeli iliyokufa.

Aliyekubali kutupa kahawa ya kujaribia alikuwa Papa Mweze, mzee jirani yetu, mwenye kashamba kadogo nyuma ya nyumba. Tuliipeleka mashine uani kwake, naye akaleta kikapu kizima. Watu wakajaa uani. Nikamimina kahawa, Bahati akazungusha. Maganda yalitoka, mwanangu, lakini mbegu nazo zilitoka zimekatwa, nyingine vipande vipande. Kijana mmoja akapaza sauti, akiniita kama wanawake wote walivyoitwa enzi zile, "Citoyenne ametuletea mashini ya kutwanga majani ya sombe!" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Maman Nabintu, mke wa Papa Mweze, hakucheka. Alichota zile mbegu, akazitazama kiganjani. "Hii njo ilikuwa nguo ya batoto ya Noeli," alisema, akazimwaga chini, akaondoka.

Machozi yalinitoka. Tukaifunika mashine kwa gunia, tukaanza kuibeba kwenda nyumbani. Papa Mweze akasimama mbele yetu.

"Munaipeleka wapi?"

"Ku nyumba, papa," nikasema. "Iko mubaya. Imeharibu kahawa yenu."

"Kahawa ni yangu ao ni yako?"

"Ni yenu, papa."

"Basi mimi njo niko na haki ya kulia, na unaona silii. Wewe unalia sababu bamekucheka." Akaliondoa gunia mwenyewe. "Mukiificha ku nyumba, mutaijaribu na nini? Na maji? Kahawa iko huku. Mutengeneze, mimi nitaleta kikapu ingine kesho."

Hakusema kwa ukali, lakini sijawahi kukaripiwa vile tena. Niliona haya kuliko nilivyoona nilipochekwa, maana alisema kweli: nilikuwa nimejifikiria mimi tu.

Tukakaa palepale uani, tukaokota zile mbegu moja moja. Baadhi zilikuwa na mikwaruzo: hizo zilikatwa na meno ya bati. Nyingine zilipasuka bila mkwaruzo: hizo zilitoka kwenye kahawa kubwa, zikabanwa kupita kiasi. Kumbe makosa yalikuwa mawili. Nilivua lile bati, nikaweka jipya, na safari hii sikulitoboa. Niliichonga ncha ya msumari mnene ikawa butu, nikaligonga kwa nyuma hadi likatoa vinundu laini. Bahati akatia skrubu kwenye ubao, ili tuweze kuusogeza na kuurudisha.

Asubuhi iliyofuata aliyekuja na kikapu hakuwa mzee. Alikuwa Maman Nabintu mwenyewe, kamba ya kikapu ikiwa kwenye paji la uso. Hakutusalimia. Alikitua chini na kusema, "Mimi na muzee wangu hatujapatana. Lakini nimechagua zenye kuiva muzuri. Muanze."

Mara ya kwanza bado zilipasuka. Bahati akalegeza skrubu, na nyingine zikapita na maganda yake. Akakaza kidogo. Tukaongeza maji. Tuliendelea hivyo, na kahawa ya mama wa watu ikizidi kupungua, mpaka mbegu zikaanza kuanguka nzima, nyeupe, zenye utelezi. Maman Nabintu akatia mkono kwenye beseni, akafumba ngumi, mbegu zikamponyoka kati ya vidole. Ndipo akacheka. "Twende tuchume," akawaita wanawake wenzake.

Msimu ule Mumosho ilimenya kahawa yake. Lakini sitakudanganya: Noeli watoto wa Papa Mweze walikuja misa na nguo za mwaka uliopita. Niliwaona kwenye benchi la mbele. Mzee hakulitaja jambo hilo hata mara moja, wala mimi sikuthubutu.

Basi mwanangu, ninalokuomba ni hili. Kazi yako itoe nje ingali inachechemea, uwaache watu waione, na wakicheka, wewe okota kilichovunjika ukitazame. Ila ujue pia kwamba kila unapojaribu, kuna mtu anayetoa mavuno yake. Muombe kwanza, na usimsahau mashine ikishakubali. Na siku mvi zikikuota, akaja binti au kijana na chombo chake kibovu, usimuulize kama kitafanya kazi. Muulize anahitaji nini.

Mungu aibariki mikono yako, akupe watu wa kukuvumilia, akujalie nawe moyo wa kuvumilia wengine. Nenda na amani, mwanangu, kazi inakungoja.