Ruta Nyuma ya Pazia

Tangu asubuhi, Mama Nyaya, fundi wa mtandao wa hospitali, alikuwa akipanda na kushuka ngazi huku kila mlango ukimrushia lawama. Maabara haitumi majibu, famasi haioni dawa, na wote wanamtazama kana kwamba mtandao kaumeza yeye.

Ruta yake, kifaa kinachogawa mtandao, ilikuwa nzima. Kazi yake ni kuzitangazia kompyuta zote: njia ya kutoka kwenda intaneti ni mimi, jipeni anwani kupitia kwangu. Leo kulikuwa na tangazo jingine, na kompyuta, maskini, humwamini yeyote atangazaye.

Akafuata waya hadi ofisini kwa katibu wa hospitali. Nyuma ya pazia kulikuwa na ruta ya nyumbani, imechomekwa ukutani, inapiga mbiu kwamba yenyewe ndiyo njia, na haielekei popote.

“Bosi, hii ni nini?”

“Nimeleta ya kwangu. Yenu inasuasua.”

“Imezipotosha kompyuta za jengo zima.”

“Basi ungeizuia mapema.”

Mwaka jana Mama Nyaya aliomba ruhusa ya kuzuia ruta ngeni. Katibu huyuhuyu alikataa, eti ni kuwadharau wafanyakazi. Mama Nyaya akaichomoa ile ya pazia, akatoka bila kuaga.

Mchana, kikaoni, katibu akatangaza kwamba tatizo la mtandao amelimaliza yeye mwenyewe. Watu wakampigia makofi.

Kompyuta, Mama Nyaya alishazisamehe kwa kudanganyika. Zenyewe ndiyo kwanza zimekutana na ruta ile. Hawa wenzake wamekaa na katibu miaka na miaka.