Kisanduku cha Mwisho wa Karatasi

Mwenzenu nilipewa cheti cha mwalimu bora wa imani, mwaka uleule nilioandika kwa mkono wangu kwamba siamini tena.

Msicheke. Cheti ninacho, tena kimewekwa fremu.

Nafundisha hesabu kwenye chuo kimoja cha Kanisa. Wanafunzi wananiita Kipeo, eti nikianza kupandisha namba sijui kushuka.

Pale kwetu kila Ijumaa mwalimu anakabidhi andalio la somo, na mwisho wa karatasi kuna kisanduku: "Somo hili linamwonyeshaje Mungu?"

Mwanzoni nilikipenda, sitawadanganya. Nikifundisha kikomo naandika: "Namba inasogea, inasogea zaidi, haifiki. Ndivyo tunavyomkaribia Mungu." Darasani nikilisema hilo, hata wale wa viti vya nyuma waliacha kuchezea simu.

Mimi ndiye mkuu wa idara ya sayansi na hesabu, kwa hiyo karatasi za wenzangu zinapitia kwangu. Yangu inakwenda kwa Padri wa taaluma, anagonga mhuri.

Kisha mke wangu akafa.

Miezi saba ya rozari, miezi saba ya dawa, halafu basi.

Wiki niliyorudi kazini nikajaza kisanduku: "Halimwonyeshi. Mke wangu aliomba mpaka sauti ikakauka, hakujibiwa."

Nikasubiri kuitwa ofisini. Nilitaka kuitwa, jamani! Hata kugombezwa ningeshukuru.

Karatasi ikarudi na mhuri: IMEPITIWA.

Wiki iliyofuata: "Siamini tena. Nafundisha kwa mazoea."

IMEPITIWA.

Nikaandika: "Padri, ukifika hapa, njoo unigongee mlango."

Alichogonga ni mhuri.

Nikamwekea kinyongo cha kufa mtu. Tukikutana koridoni ananiambia, "Tumsifu Yesu Kristo!" Najibu, "Milele amina," huku moyoni namtukana.

Sasa kulikuwa na mwalimu wa biolojia, tulimwita Mama Hadubini. Wengine walitupia tu karatasi zao kwenye trei. Yeye alileta yake mkononi, kisha anasimama.

"Umeisoma ya wiki iliyopita, kaka?"

"Nimeisoma, dada. Iko safi."

"Yote?"

"Yote, mpaka nukta."

Anacheka kidogo, anaondoka. Mimi narudi kwenye hasira zangu.

Mwezi wa tisa hakuonekana kazini. Wiki mbili baadaye tukamzika. Chumba kizima cha walimu kinaulizana: kumbe alikuwa mgonjwa? Mbona hakusema?

Mwisho wa mwaka, ukumbini, Padri akashika maikrofoni.

"Mwenzetu huyu hakuacha kisanduku kitupu hata wiki moja! Hata akiwa kwenye majonzi!"

Makofi. Nikapokea cheti kwa hasira. Nikasema leo ndiyo leo, namwekea karatasi zangu zote mezani azisome mbele yangu.

Nikaenda kabatini kuzichukua. Faili langu lilikuwa limebanana na la Mama Hadubini, nikivuta yakatoka yote mawili. Lake likafunguka sakafuni.

Nikainama kuokota, nikasoma.

"Leo nimefundisha seli zinazogawanyika bila kujua kuacha. Zangu zimeanza tena. Nyumbani sijamwambia mtu."

Nikashika nyingine.

"Naogopa. Wiki hii Mungu angeonekana kama mtu mmoja tu angeniuliza, dada, unaendeleaje?"

Zilikuwa kumi na moja. Chini ya kila moja, kwa wino wa kijani: "Vizuri. Endelea."

Padri anatumia mhuri. Kalamu ya kijani pale chuoni ni moja, na ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia. Kwa Padri sikwenda. Ningemwambia nini?

Huu ni mwaka wa pili. Siku hizi nasoma kila kisanduku, neno kwa neno. Mwalimu mpya wa biolojia anaandika kila wiki, "Mungu ni Muumba wa vyote." Juzi nikamuuliza:

"Dada, unaendeleaje?"

Akashtuka. "Kwani nimekosea wapi, mkuu?"

"Hujakosea."

Akachukua karatasi yake, akatoka haraka. Simlaumu.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anakuletea kitu mkononi kisha anasimama, kisome akiwa bado amesimama. Mimi nimejifunza wakati hakuna tena wa kumsomea, na sidhani kama kujifunza kwa namna hiyo kunasaidia chochote.

Yangu bado naijaza. Ijumaa iliyopita niliandika yote haya niliyowasimulia, nikageuza na nyuma ya karatasi.

Jumatatu ikarudi. IMEPITIWA.