Kurasa Nane Nilizozitoa

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nina kibanda nyuma ya soko hapa Iringa, chenye meza moja, kisu, gundi, uzi, na Biblia za watu zilizofumuka kwa kusomwa au, mara nyingi zaidi, kwa kubebwa tu. Nataka kueleza nilivyomkosea mwenzangu mmoja, lakini kwanza nieleze tunavyosoma, maana bila hilo kosa lenyewe halitaeleweka.

Tuko wasomaji wanne na riwaya huwa ni moja. Vitabu ni ghali, na kati yetu hakuna mwenye subira ya kungoja zamu. Basi mimi nakipasua kitabu vipande vinne na kila kipande nakivika karatasi ya kaki. Msomaji wa kwanza akimaliza kipande cha kwanza, kinahamia kwa wa pili, na yeye wa kwanza anachukua kinachofuata. Kila Jumamosi vipande vinarudi mezani kwangu, navigawa upya. Kitabu kikishamaliza mzunguko nakishona tena kizima, na mwishoni naongeza karatasi ambazo kila mmoja ameandikia maoni yake. Sheria ni moja tu: ukishaandika, hakuna kufuta.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mama anayesoma huku ameshika kalamu nyekundu kana kwamba mwandishi anangoja alama zake. Wa pili ni mzee mwenye duka la vipuri aliloachiwa na babu yake aliyetoka India. Huyu kabla hajafungua ukurasa anauliza, "Lakini mwishoni wanaoana?" Wa tatu ni mimi. Wa nne ni mama muuza vitenge, mjane, mwimbaji wa kwaya, rafiki yangu wa miaka mingi.

Mama huyu ana binti mmoja. Miaka minne iliyopita binti alipanda basi asubuhi akaenda Mbeya, hakuaga, na tangu hapo hawajazungumza. Mama aliumia, kisha akakasirika, na hasira ikakaa. Mtu akimuuliza habari za binti, anajibu, "Yupo, kama watu wengine walivyopo."

Mwaka huu riwaya yetu ilimhusu msichana anayeondoka nyumbani. Katikati zilikuwapo kurasa nane ambazo mwalimu aliziwekea alama nyekundu kila upande. Baba mdogo wa msichana anaishi nao, mama anakwenda sokoni, na yale yanayotokea humo ndani sitayaandika hapa. Msichana anamwambia mama yake. Mama anamwambia anyamaze.

Nilizisoma kurasa zile nimesimama. Nilikumbuka kwamba rafiki yangu naye, baada ya kufiwa, alikaa na mdogo wa marehemu mle nyumbani kwa muda mrefu, mpaka shemeji huyo alipohamia kwingine. Nilikumbuka pia jinsi binti alivyokuwa akija kibandani kwangu akitoka shule, anakaa kwenye kigoda na madaftari yake, na hakubali kwenda nyumbani mpaka mama yake afunge meza ya vitenge. Nilikuwa nampa chai. Sikumuuliza kitu. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, lakini sisi wakubwa ndio tunaoogopa kuuliza.

Kipande cha pili kilipofika zamu ya rafiki yangu, nilichukua kisu nikazitoa zile kurasa nane. Zilikuwa mwishoni kabisa mwa kipande, na cha tatu angekipata wiki inayofuata, kwa hiyo namba za kurasa zisingemshtua. Nilizificha kwenye droo, chini ya kopo la gundi. Nilijiambia namhurumia. Nilijiona mtu mwema, na usiku ule nililala vizuri.

Jumamosi ya kujadili mwisho ilikuwa ya baridi, ile ya mwezi wa sita inayokufanya ukumbatie kikombe. Nilikuwa nimechemsha viazi. Riwaya inaisha msichana, sasa mtu mzima, amerudi na kusimama getini kwao, hajabisha hodi.

"Mwisho gani huu?" mzee alilalamika. "Mtu nimesoma wiki nzima, ananiacha nje ya geti na hii baridi!"

"Mimi sigombi na mwisho," mwalimu alisema. "Nagomba na yale ya katikati. Ilikuwa lazima ayaandike waziwazi vile? Kitabu kinaingia majumbani."

"Mwalimu, mambo hayo yako majumbani kabla kitabu hakijaingia," mzee akamjibu.

Rafiki yangu hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameshaandika maoni yake, akayasoma kwa sauti: "Binti huyu ni mjeuri. Ameondoka kwao bila sababu. Mwandishi amefanya vyema kumwacha getini."

"Bila sababu?" mwalimu aliuliza. "Na yule baba mdogo?"

"Amefanya nini? Si ndiye aliyekuwa anawaletea sukari?"

Mwalimu na mzee walitazamana. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kitabu ni chakavu, kurasa zimepotea, na wote wangeniamini kwa sababu mimi ndiye fundi. Lakini nilimtazama rafiki yangu, ameshika karatasi yenye maneno yasiyofutika, na nikajua amemhukumu mtu mwingine kabisa, na kisu kilikuwa changu. Nikafungua droo.

Alizisoma palepale. Hakuna aliyegusa kiazi. Alipomaliza aliziweka mezani, akazilainisha kwa kiganja anavyolainisha vitenge vyake.

"Dada, wenzangu wamesoma?"

"Wamesoma."

"Kwa hiyo umenitolea mimi tu."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo ya kunifanya mtoto mdogo?" Sauti yake haikupanda, na ningependelea ipande. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nilikuwa nakisia."

Akasema polepole, "Na mimi nilikuwa nakisia, dada. Ndiyo maana sikumuuliza."

Mwalimu alianza kulia. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nililia pia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Rafiki yangu peke yake hakulia. Aliomba kalamu ili akate maoni yake. Kisha mwenyewe akakumbuka sheria, akairudisha kalamu. Akakusanya vipande vyote vinne, zile kurasa nane na karatasi za maoni, akavifunga kwenye kitenge.

"Naenda navyo Mbeya," alisema. "Akinifukuza, nitarudi navyo."

Zilipita wiki mbili bila habari. Mzee alipita kibandani kila siku akijifanya anatafuta gundi. Mwalimu alisema anatuombea, na mimi nikamwambia aombe kimyakimya kwa sababu ananichanganya nikiwa kazini. Niliogopa. Kama binti angemfungia mlango, basi mimi ndiye niliyempa mama sababu ya kwenda kuugonga.

Jumamosi ya tatu aliingia na mfuko wa mchele wa Kyela, akauweka mezani.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Habari za safari?"

Alifungua kitenge, akanipa karatasi ya maoni. Chini ya maneno yake kulikuwa na mwandiko mwembamba ambao niliwahi kuuona kwenye madaftari ya shule, pale pale kwenye kigoda:

"Mama alinisomea kurasa nane kwa sauti, zote. Alipomaliza aliniuliza. Nikamjibu. Huko mbele hatujafika bado."

Niliisoma mara mbili. Halafu nikahesabu vipande, kwa mazoea ya kazi, nikaona vitatu tu. Kile cha mwisho hakikuwapo.

"Cha nne umekisahau?" nilimuuliza.

"Amebaki nacho," rafiki yangu alisema. "Amesema atakileta mwenyewe."

Sasa mwalimu ananisumbua kila wiki nijalidi kitabu hicho tuanze kingine. Namwambia angoje.